Kabla Hujapanda Mkoko: Mwongozo wa Mtoto wa Mkata Boriti

Baba yangu alikuwa mkata boriti, yaani miti ya mikoko ya kujengea. Kijijini kwetu, kaskazini ya Tanga, nilijua kuhesabu korija kabla sijajua kuandika jina langu: fito ishirini huku, mapau ishirini kule, boriti zimelazwa ufukweni zikingoja jahazi. Korija moja ni miti ishirini, na hesabu hiyo ndiyo iliyoninunulia sare ya shule. Ukiniona leo nimejaa tope hadi magotini nikihesabu vichipukizi vya mchu, mmoja wa mikoko hiyo, usidhani ni huruma niliyozaliwa nayo.

Iliyonigeuza ni aibu. Miaka kadhaa iliyopita walikuja wageni kijijini na fulana, kofia na mradi. Siku moja tulipanda mikoko 3,000 kwenye tope lililo wazi mbele ya kijiji, mistari imenyooka kama mahindi, tukapigwa picha, tukala pilau. Wageni wakaondoka. Mabamvua manne baadaye, yaani kama miezi miwili, nilikwenda kuangalia nikakuta imesimama 42. Mwaka ulipokwisha haukubaki hata mmoja. Shangazi yangu, mwokota chaza wa siku nyingi, alikuwa akipita na kikapu chake siku ile niliyokuwa nikihesabu. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu," akasema, "hapa mlipopanda ndipo mashua zinapopita. Tangu nizaliwe sijaona mkoko hapa. Mlifikiri ulisahau kuota?"

Swali lake nimelibeba tangu siku hiyo, na yote yanayofuata yametoka humo. Nimeyaandika kwa mtu wa pwani mwenye kijiji, kikundi au hata familia tu, mwenye jembe na subira. Pesa nyingi si lazima.

1. Yajue maji kabla ya miti

Anza na mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanajaa kidogo na kupwa kidogo. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mvuvi yeyote anayajua haya. Tatizo ni kwamba anayepanga siku ya kupanda mara nyingi si mvuvi, anapanga kwa kalenda ya ofisi.

Mikoko haioti popote palipo na tope. Huota kwenye nusu ya juu ya nafasi iliyo kati ya maji kupwa kabisa na maji kujaa kabisa. Robin Lewis, Mmarekani aliyetumia maisha yake kurudisha mikoko, alionyesha kwamba miti hii hustahimili kufunikwa na maji kwa takriban theluthi moja ya muda au chini ya hapo. Ikizidi, mche unakosa pumzi. Sisi tulipanda mahali panapokaa chini ya maji zaidi ya nusu ya siku. Na si sisi peke yetu: Ufilipino walitumia miaka mingi na fedha nyingi kupanda mkoko kwenye matope ya mbele ya bahari, na mara nyingi iliyopona ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu.

Utapimaje bila vyombo vya kitaalamu? Chukua upondo wa mtumbwi, ule mti mrefu wa kusukumia. Ukate alama kwa kisu kila sentimita 10, kuanzia ncha ya chini. Subiri bamvua, siku isiyo na upepo. Maji yakishajaa husimama kidogo kabla ya kuanza kupwa, na hapo una kama dakika 20. Ingia mtumbwini na mwenzako. Nenda kwanza ukingoni mwa msitu wenye afya, pale ulipo mti wa mwisho upande wa bahari, simamisha upondo, soma. Kisha piga kasia haraka hadi pale unapotaka kupanda, simamisha, soma tena.

Kwetu, penye mkoko wa mwisho upondo ulisoma sentimita 110. Pale tulipopanda miche 3,000 ulisoma 210. Mita nzima ya maji zaidi. Nilirudi na mtumbwi nikiwa kimya, na mwenzangu, aliyepanda miche mingi kuliko mimi siku ile ya fulana, naye hakusema kitu.

Kanuni ni fupi: kina cha mahali unapotaka kupanda kisizidi kile cha mti wa mwisho ulio hai wa aina hiyohiyo. Kikizidi, paache hapo.

2. Ujue kila mti na mahali pake

Watu husema "mikoko" kana kwamba ni mti mmoja. Tanzania ina aina 10, na kila mmoja una kiti chake. Mlilana husimama mbele kabisa, miguu majini. Mafundi wa majahazi waliutafuta kwa mataruma, yaani mbavu za chombo. Nyuma yake mkoko wenyewe, wa mizizi iliyopinda kama magoti, ambao ndio boriti. Kisha msinzi, ambao wenzetu wa upande wa Kenya huuita muia. Kisha mkandaa, wenye gome la kutia rangi. Nyuma, karibu na nchi kavu ambako jua hukausha chumvi, ni mchu. Mchu ni mkorofi kidogo, kwani utaukuta nyuma na mara nyingine mbele pia. Mkomafi, wenye matunda makubwa kama mipira, hupenda penye maji yasiyo na chumvi nyingi, karibu na vijito.

Tembea msituni na mzee mmoja anayeijua. Chora ramani kwenye daftari, hata kama mchoro wako ni mbaya. Wangu ulionekana kama kuku aliyekanyagwa, lakini unafanya kazi hadi leo.

(Kama umewahi kulala kwenye nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja ukashangaa chumba kirefu lakini chembamba, sababu ni mti huu: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, basi. Nyumba za zamani za Oman na Ghuba nazo ziliezekwa kwa boriti za huku.)

3. Uliza kwa nini haikuota yenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi hukosea.

Mikoko ni miti inayozaa kwa fujo. Mbegu za mkoko huchipua zikiwa bado mtini, zinaning'inia kama vijiti, zikianguka zinaelea na maji hadi zinapokwama. Mchu huangusha maelfu ya vitunda bapa. Kwa hiyo ukiona mahali palipokuwa na msitu pamebaki wazi miaka kumi, ilhali msitu mzima uko umbali wa kutupa jiwe, mbegu hazikukosekana. Kuna kitu kinazizuia. Ukipanda bila kukitafuta, kitaizuia na miche yako.

Kwetu kilikuwa tuta. Nyuma ya kijiji kulikuwa na shamba la chumvi lililoachwa. Pwani ya Tanga ina mengi ya namna hiyo: mtu hukata mchu, hujenga tuta la udongo kuzunguka, huingiza maji, jua linafanya kazi. Bei ikianguka, anaondoka. Tuta linabaki. Maji ya bahari hayaingii, ya mvua hayatoki, ardhi inapasuka kama kisigino cha mkulima.

Kwako huenda kikawa kingine. Barabara iliyojengwa bila kalvati. Mashamba ya mpunga, kama kule delta ya Rufiji. Mbuzi. Wakataji ambao hawajaacha. Au tope lililoshuka kutoka bara: mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliua mikoko mingi ya Mwache, karibu na Mombasa, kwa sababu udongo ulioletwa na mafuriko ulifukia mizizi ya kupumulia. Mizizi hiyo unaijua, ni ile inayochomoza kwenye tope kama penseli chini ya mchu. Ikifukiwa, mti unakufa ukiwa umesimama.

Waulize wazee maswali matatu. Maji yalikuwa yakipita wapi zamani? Yaliacha kupita lini? Nini kilijengwa mwaka huo? Shangazi alinionyesha kwa kidole njia ya kijito ambacho sikuwahi kukiona maishani mwangu. Kilikuwa chini ya tuta.

4. Ruhusa

Usiruke hatua hii, hata kama unajua ofisi zetu zilivyo. Tanzania Bara, misitu yote ya mikoko ni hifadhi ya serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kenya ni chini ya Huduma ya Misitu, na kuuza boriti nje ya nchi kumepigwa marufuku tangu 1982. Anzia serikali ya kijiji, upate muhtasari wa mkutano, kisha BMU, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi na ufukwe, kisha ofisi ya misitu ya wilaya. Na shamba la chumvi hata likiwa gofu lina mwenyewe. Wa kwetu alipatikana mjini baada ya miezi mitano ya kupiga simu. Alikubali kwa barua ya mistari minne. Barua hiyo nimeitia kwenye plastiki.

5. Fungua maji

Chagua siku za maji mafu, ili bahari isikufikie ukiwa kazini. Usibomoe tuta lote. Ni kazi bure, na udongo utajaza mikondo. Tafuta pale kijito cha zamani kilipopita, ukate hapo. Sisi tulikata sehemu mbili, kila moja upana wa mita tatu, tukashuka hadi usawa wa sakafu ya shamba. Watu kumi na mmoja, majembe, makoleo na chai nyingi, siku nne. Udongo tuliutupa upande wa nchi kavu.

Baada ya hapo bahari inajua kazi yake. Bamvua la kwanza maji yaliingia kwa kishindo, yakatafuna kingo yenyewe mpaka pakawa na upana wa mita tano. Yalipotoka yalikuwa meupe kwa chumvi. Tuliyaacha yaoshe miezi mitatu, tukija kuangalia kila bamvua kama maji yanatoka yote. Pakibaki dimbwi lisilokauka, chimba mfereji mdogo uliunganishe na mkondo. Maji yaliyosimama na kupata moto wa jua huua vichipukizi kuliko mbuzi.

6. Subiri

Msimu mmoja mzima usipande kitu.

Najua ni vigumu. Watu wa kikundi watanung'unika, na mfadhili kama yupo atataka picha. Lakini ikiwa msitu wenye mbegu uko karibu, bahari italeta yenyewe. Mchu wetu hudondosha zaidi wakati wa masika. Masika ya kwanza baada ya kufungua tuta nilikuta vitunda vyake vimekwama kwenye nyufa za ile sakafu ya chumvi, mamia, vingine vimeshatoa majani mawili mawili. Niliinama pale jua likiniunguza mgongo. Hakuna aliyekuwa amepanda hata kimoja.

7. Ikibidi kupanda

Itabidi kama msitu wa mbegu uko mbali, au kama baada ya msimu mzima kona fulani zimebaki tupu ingawa maji yanafika.

Mkoko, msinzi na mkandaa havihitaji kitalu. Chuma mbegu za mkoko zilizoiva: utaona pete ya manjano shingoni, kati ya kofia na kijiti, na ukigusa tu kinaachia. Kinachong'ang'ania, kiache. Kagua matundu ya wadudu. Zihifadhi kivulini chini ya gunia bichi. Siku chache za kukaa hivyo hazina madhara, tena zinasaidia, maana kaa hupendelea mbegu mbichi. Kisha chomeka theluthi moja ya urefu kwenye tope, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Nimewaona watu wakichomeka kichwa chini miguu juu, tena watu wazima. Acha mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche, na uache njia za maji bila kupanda.

Mchu una tabia nyingine. Loweka vitunda usiku mmoja, ganda litavuka lenyewe. Usivifukie, viweke juu ya tope kwenye viriba na kubonyeza kidogo. Havikai, hivyo ukivichuma uvipande ndani ya siku mbili tatu. Kitalu kiweke mahali bamvua linapofika lakini maji mafu hayafiki, ili bahari ikusaidie kumwagilia, na kiezekwe makuti. Udongo wa viriba uchukue kutoka chini ya mchu wenyewe. Miezi mitatu hadi sita, miche ikiwa na majani sita hivi, anza kuyapunguza makuti ili izoee jua, kisha ihamishe.

Mlilana usihangaike nao mwanzoni. Mbegu zake ni ndogo sana na kitalu chake kina ubishi.

Panda siku mbili au tatu baada ya kilele cha bamvua, maji yakiwa yanapungua kila siku. Udongo una unyevu, na mche unapata siku kadhaa za kushika kabla ya maji makubwa kurudi. Vaa raba ngumu, chaza hukata kuliko wembe. Burura miguu badala ya kunyanyua, ili samaki taa aliyejilaza kwenye tope akukimbie badala ya kukuchoma. Usubi hauna dawa. Jioni rudi nyumbani.

8. Linda, na wape watu mti mwingine

Mbuzi wanapenda majani ya mchu kuliko kitu chochote. Uzio wa miba unasaidia, lakini makubaliano na wenye mbuzi yanasaidia zaidi. Nyavu chakavu na mifuko ya plastiki hujinyonga kwenye miche. Tunaziondoa kila bamvua, tukianzia kwenye njia za maji.

Kubwa zaidi ni boriti. Mtu anayejenga nyumba anahitaji nguzo na mapau, na hutoi jibu kwa kumhubiria. Baba yangu alinyamaza wakati wote wa hotuba zangu, kisha akauliza, "Na paa litashikwa na nini?" Jibu letu ni mvinje. Unakua vizuri kwenye mchanga wa pwani, na ndani ya miaka mitano hivi una mti wa kujengea. Tulipanda mivinje 600 kwenye ardhi ya kikundi mwaka uleule tuliofungua tuta. Mtu wa kwanza kukata alikuwa mzee mwenyewe, kwa banda la kuku.

Watu huniuliza kuhusu pesa za kaboni, yaani malipo ya kutunza msitu unaohifadhi hewa ya ukaa. Zipo. Gazi, kaunti ya Kwale huko Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kwa hekta 117, na mapato yakaingia kwenye maji na shule za kijiji. Vanga wakafuata mwaka 2019. Nenda Gazi ukaone, kuna njia ya mbao ya akina mama inayokupitisha katikati ya msitu. Ila ushauri wangu ni huu: usianze na kaboni. Inataka vipimo, cheti na miaka, na kikundi kinachosubiri dola huvunjika kabla ya mchu kufika kiunoni.

9. Hesabu, tena na tena

Simamisha vigingi, utengeneze miraba ya mita 5 kwa 5, sita au saba, ukiitawanya: karibu na mkondo, katikati, kwenye kona mbaya. Kila miezi sita hesabu kilicho hai ndani ya kila mraba, kwa aina, pamoja na urefu wa mti mrefu kuliko yote. Andika hata hasara. Mraba ukibaki sifuri mara mbili, rudi hatua ya 3 usiende ya 7.

Daftari langu ni la kurasa 96, limelowa mara nne. Safari ya mwisho niliandika hivi: "Mraba wa 4, kona ya tuta. Mchu 31, mkandaa 6, mrefu sm 88. Mashimo ya kaa mengi. Shangazi kapata tondo nusu ndoo. Mbuzi wawili ndani ya uzio, wa shemeji. Nimwone leo jioni."